Kwa Nini Taa ya Flashi Hukosa Kuwaka?

Huko Paje, katika pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, upepo wa bahari hubeba chembechembe za chumvi. Chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa na kuzitia kutu ncha za nyaya. Basi mpiga picha abonyezapo kamera, taa ya flashi mara huwaka, mara haiwaki. Kwa hiyo viungo vya nyaya na vichunguzwe kwanza.

Iwapo taa huwaka lakini mwanga wake hubadilika, tuuchunguze umeme. Ndani ya taa, kapasita hulimbikiza nishati, kisha huimwaga ghafla katika bomba lenye gesi ya zenoni. Nishati hiyo ni ½CV². Kapasita ya mikrofaradi 1000 kwa volti 300 huhifadhi juli 45. Volti zikishuka hadi 270, hubaki juli 36 na kidogo. Yaani, volti zikipungua kwa asilimia 10, nishati hupungua kwa asilimia 19. Chanzo chaweza kuwa haraka ya mpiga picha asiyengoja kapasita ijae, au udhaifu wa umeme wa nyumba.

Tahadhari: kuchomoa waya ukutani hakuondoi umeme uliomo katika kapasita, nao waweza kuua. Mwanafunzi asiifungue taa hiyo. Amwachie fundi aliyehitimu.