Kufundisha Maana ya Neno "Sababu"

Kila siku mwalimu wa shule ya msingi huuliza, "Kwa nini?" Mwanafunzi akianza jibu lake na maneno "kwa sababu", mara nyingi mwalimu huridhika. Hata hivyo, si kila lifuatalo maneno hayo ni sababu. Hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini.

Neno "sababu" limetoka katika Kiarabu, ambako "sabab" hapo kale ilikuwa kamba ya kumwezesha mtu kukifikia kitu. Kiurdu nacho kililipokea neno hilo, pamoja na neno "illat", yaani chanzo cha jambo, au pengine kasoro. Kwetu neno hili la pili ni "ila", nalo limebaki na maana ya kasoro tu. Maneno husafiri na maana zake hugeuka. Basi, mwalimu asidhani kwamba mtoto wa Mbuba, aliyelelewa kwa Kishubi au Kihangaza, amekwisha kuielewa maana ya "sababu" kwa kulitamka tu. Picha ya kamba yafaa kumsaidia: ncha moja ni sababu, ncha ya pili ni matokeo.

Tuchukue mfano wa mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu nchini Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na katikati ya miaka ya 2000 ukagunduliwa mkoani Kagera. Mwalimu akiuliza kwa nini mgomba umekauka, huenda akapata majibu matatu:

(a) Kwa sababu majani yamekuwa ya manjano.
(b) Kwa sababu jirani alipita shambani juzi.
(c) Kwa sababu tulitumia panga lililokata mgomba mgonjwa.

Jibu la kwanza ni dalili. La pili ni jambo lililotangulia tu. Kutangulia si kusababisha. La tatu limeikamata kamba, kwani panga hubeba vimelea vya ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Wadudu wanaozuru ua dume la mgomba nao huvieneza.

Ili kuyapima majibu, Kiswahili chenyewe kinatupa chombo. Mgeuze kitenzi "kauka" kiwe "kausha", kisha uulize: "Ni nini kilichoukausha mgomba?" Mtoto atakayesema, "Majani ya manjano yameukausha," atasikia mwenyewe kwamba sentensi yake haisimami. Ongeza maswali mawili: "Jambo hili lisingalikuwapo, lile lingalitokea?" na "Hili limeletaje lile?" Hapo anayemtaja jirani atatakiwa kueleza njia, naye hataiona.

Zoezi hili lisichukuliwe kuwa la sarufi tu. Mtoto anayechanganya dalili na sababu atakata majani ya manjano na kuuacha ugonjwa ukienea kwa panga lile lile. Anayechanganya kutangulia na kusababisha atamshuku jirani asiye na hatia. Lakini aliyefundishwa vema atalisafisha panga kwa moto kabla ya kuuendea mgomba mwingine, na atalikata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda.

Kwa hiyo, mwalimu mwanafunzi, usilipokee jibu kwa kuwa limeanza na "kwa sababu". Livute kama kamba, uone kama ncha ya pili imefungwa.