Kazi ya Mwendesha Baiskeli wa Kike: Ngazi kwa Ngazi Hadi Timu ya Kulipwa

Mwendesha baiskeli wa kulipwa ni mwajiriwa: ana mkataba na timu, mshahara na ratiba ya mbio ya mwaka mzima. Kwa wanawake, hali hiyo ni ya juzi tu. Mashindano ya dunia ya barabarani yaliwafungulia mlango mwaka 1958 na Olimpiki mwaka 1984, lakini kwa miongo mingi hata mabingwa walilazimika kutafuta riziki kwingine. Mwaka 2020 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) lilianzisha daraja la juu la timu za wanawake na kuweka kima cha chini cha mshahara, yuro 15,000 kwa mwaka. Kufikia 2023 kima hicho kilikuwa yuro 32,102. Likizo ya uzazi nayo iliingizwa katika kanuni: miezi 3 kwa mshahara kamili na 5 kwa nusu mshahara.

Ngazi ya kwanza ni klabu. Msichana hupata leseni kupitia shirikisho la nchi yake, hushindana na wenzake wa miaka 17 na 18, kisha na walio chini ya miaka 23, ndipo ahesabiwe miongoni mwa wakubwa. Katika umri huo hujifunza kuendesha ndani ya kundi, ujuzi usiopatikana kwa mazoezi ya upweke. Anayefuata gurudumu la mwenzake kwa karibu hukingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi, lakini lazima awe amezoea kona, miteremko na msongamano wa bega kwa bega. Katika kaunti ya Turkana, Kenya, barabara ya A1 inayopita Kalemng'orok, Lokichar na Lodwar kwenda Kakuma inatosha kwa urefu na jua kumjenga mtu mstahimilivu. Pasipo klabu na mbio za mara kwa mara, ustahimilivu huo haugeuki kuwa ujuzi wa mashindano.

Ngazi ya pili ni kuvuka kwenda Ulaya, maana mbio nyingi za kulipwa ziko huko. UCI ina kituo cha mafunzo mjini Aigle, Uswisi, kinachopokea vijana kutoka nchi zisizo na timu kubwa. Eyeru Gebru, mzaliwa wa Tigray nchini Ethiopia, alipitia kituo hicho. Vita vilivyozuka Tigray mwaka 2020 vilimfanya mkimbizi. Alipata hifadhi Ufaransa, na mwaka 2024 akashiriki Olimpiki ya Paris katika Timu ya Wakimbizi. Timu hiyo ina mizizi Turkana. Ilipoundwa kwa ajili ya Rio 2016, wanamichezo 5 kati ya 10 walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, miongoni mwao Rose Nathike Lokonyen na Anjelina Nadai Lohalith. Wakfu wa mkimbiaji wa Kenya Tegla Loroupe uliwachuja kambini na kuwanoa Ngong, karibu na Nairobi. Kipaji cha mbio za miguu chaweza kuonekana siku moja ya mchujo. Baiskeli hudai zaidi: chombo chenyewe, vipuri, fundi na gari la kufuata nyuma.

Ngazi ya tatu ni kazi ndani ya timu. Katika mbio kubwa timu huanzisha wanawake 6 au 7, na kila mmoja hupewa jukumu. Wasaidizi hukinga upepo, huchota maji garini na kuwafukuza wanaochomoka. Wapanda milima hungoja miinuko. Wenye kasi hulenga mita za mwisho. Wengi huanza kama wasaidizi, na kwa baadhi hiyo ndiyo kazi ya maisha.

Kimberley Le Court wa Morisi, aliyezaliwa 1996, anaonyesha kwamba njia hii hainyooki. Alijaribu Ulaya akiwa kijana, akarudi Afrika na kuhamia baiskeli za milimani. Mwaka 2023 alishinda mbio za milimani za Cape Epic, Afrika Kusini, akiwa na Vera Looser wa Namibia. Timu ya AG Insurance–Soudal ya Ubelgiji ilimsajili 2024, na Julai mwaka huo akashinda hatua ya mwisho ya Giro d'Italia ya wanawake. Aprili 2025 alitwaa mbio za Liège–Bastogne–Liège. Julai akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake, na akashinda hatua ya 5. Septemba hiyo mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika; wanawake waliendesha kilomita 164.6, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda.

Ngazi ya mwisho ni maisha baada ya mbio. Waliostaafu huwa makocha, wakurugenzi wa timu au viongozi wa michezo. Masomah Ali Zada, mkimbizi wa Afghanistan aliyeendesha baiskeli katika Olimpiki ya Tokyo, ndiye aliyeongoza msafara wa Timu ya Wakimbizi Paris 2024, ule uliomjumuisha Gebru.