Bakteria wa Kwenye Kiwele

Itumbe, kwenye vilima vya chai vya Kisii, ardhi ni finyu. Ng'ombe wa maziwa hufungwa bandani na kukatiwa nepia, wawili au watatu, nao hukamuliwa kwa mikono ileile na kupanguswa chuchu kwa kitambaa kilekile. Kwa kitambaa hicho bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi hutoka kwa ng'ombe mmoja akaingia kwa mwingine.

Daktari wa Scotland, Alexander Ogston, ndiye aliyemwona katika usaha wa majipu ya binadamu mwaka 1880. Hata leo takriban watu 3 kati ya 10 humbeba puani bila kuugua. Akishapenya kwenye chuchu ya ng'ombe, bakteria huyo hujikita ndani ya kiwele, na mwili humzungushia kovu ambalo dawa hailipenyi vizuri. Bakteria wengine hujificha ndani ya seli za ng'ombe mwenyewe. Kwa hiyo hata bakteria asiye sugu ni mgumu kumng'oa.

Usugu wenyewe ni jambo jingine. Bakteria wengi wa aina hii hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi, na jeni yake huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Methisilini, dawa iliyotengenezwa kukikwepa kimeng'enya hicho, ilianza kutumika Uingereza mwaka 1959. Kufikia 1961 bakteria sugu kwa dawa hiyo walikuwa wameripotiwa hukohuko. Mwaka 2011 watafiti walitangaza jeni mpya ya usugu huo, waliyoipata kwenye maziwa ya ng'ombe wa Uingereza na kwa watu pia.

Sasa mtazame mkulima ambaye maziwa ya ng'ombe wake yana mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele, naye amenunua mirija ya dawa ya kuweka kwenye chuchu pale agroveti. Anaweka mrija wa kwanza, kesho yake mabonge yanapungua kwenye maziwa, naye anaiweka akiba mirija iliyobaki. Bakteria waliostahimili wanabaki na kuzaana. Maziwa nayo yakiuzwa kabla ya siku za kusubiri baada ya dawa kwisha, yana dawa ndani, na kuyachemsha hakuiondoi yote.

Kwa maoni yangu tunazungumzia mno sindano na kukisahau kitambaa. Kila ng'ombe awe na chake. Matone ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe cheusi ili mabonge yaonekane, mgonjwa akamuliwe mwisho, na chuchu zichovywe kwenye dawa ya iodini baada ya kukamua. Anayeugua tena na tena licha ya matibabu kamili ni heri auzwe kwa mchinjaji, siku za dawa zikishapita, ingawa najua ni uamuzi mchungu pale maziwa yake ndiyo yanayolipa karo.