Seli za Utumbo, Kipindupindu na Neno "Kloro"

Katika zoezi la tafsiri muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu kifungu cha biolojia kuhusu seli za mfumo wa chakula zinazotoa majimaji. Wasomaji tuliowakusudia ni wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Palma hadi Mocímboa da Praia, ambako Kiswahili na Kimwani husikika sokoni na bandarini. Wanafunzi kadhaa waliandika kwamba seli za utumbo "hutoa klorini". Darasani kosa hilo linakula alama moja tu. Kule linaweza kuleta maafa.

Kwa Kireno dawa ya kusafishia maji huitwa cloro, na kipindupindu huitwa cólera. Maneno hayo yanakaribiana kwa sauti, na kwa miaka mingi kaskazini mwa Msumbiji umekuwapo uvumi kwamba wanaotia dawa visimani ndio wanaoeneza ugonjwa. Wahudumu wa afya wameshambuliwa, hata kuuawa. Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, boti ilizama na watu zaidi ya 90 wakafa. Maofisa walieleza kuwa wengi wao walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu.

Sasa, seli hizo hutoa nini hasa? Katika mfuko wa chakula zipo zinazotoa asidi. Jirani zake hutoa pepsinojeni, ambayo ndani ya asidi hugeuka kuwa pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini. Asidi hiyo pia huua vijidudu vingi, vikiwamo vya kipindupindu. Utumboni, seli zenye umbo la kikombe hutoa ute wa kulainisha na kukinga ukuta. Katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba ziko seli zinazotoa kloridi. Sodiamu na maji huifuata. Kwa siku mwili humimina takriban lita 7 za majimaji katika mfumo huu, na karibu yote hufyonzwa tena.

Sumu ya kipindupindu huacha mlango wa kloridi wazi. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Hata hivyo, njia inayofyonza sodiamu pamoja na glukosi haiharibiki. Ndiyo maana lita 1 ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi (vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza pomoni) humsaidia mgonjwa wakati anakimbizwa hospitali.

Kloridi, basi, ni ile iliyomo katika chumvi ya mezani; klorini ni dawa ya kuulia vijidudu. Mwanafunzi asiyesoma sayansi hawezi kulaumiwa sana kwa kuzichanganya, maana hata sisi tulilazimika kumwuliza mwenzetu wa idara ya biolojia. Mwishowe tulikubaliana kuandika hivi: "Seli za utumbo hutoa chumvichumvi na maji."