Chafya za Msimu wa Kusi

Mvua zinapokwisha mkoani Mtwara, yapata mwezi wa Mei, upepo wa kusi hushika zamu. Kuanzia Juni mikorosho huchanua, toka mwambao wa Mikindani na Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, hadi nyanda za juu za Makonde. Katika miezi hiyo wako watu waamkao wakipiga chafya mfululizo, pua zikichuruzika kamasi jepesi kama maji na macho yakiwawasha. Homa hawana. Kwa kuwa ua la mkorosho hunukia na kuonekana na kila mtu, ndilo lielekealo kutiwa hatiani.

Ushahidi dhidi yake ni dhaifu. Chavua ya mkorosho hunata, na husafirishwa zaidi na nyuki, nzi na sisimizi kuliko upepo. Chavua iletayo mafua ya mzio aghalabu huwa kavu, nyepesi na tele. Nayo hutolewa na mimea isiyohitaji kumvuta mdudu, hasa nyasi za kando ya njia na za mashambani. Ua la nyasi halina rangi ya kupendeza wala harufu, na ni wachache waliopata kulitazama.

Aliyelithibitisha jambo hili ni tabibu Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mafua hayo. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1873 alieleza jinsi alivyojitia chavua ya nyasi puani na kwenye ngozi iliyokwanguliwa, akangoja aone kitakachompata. Kisha aliinasa chavua ya hewani kwa vioo vyenye kunata, vingine akavirusha kwa tiara. Leo yajulikana kwamba kinga ya mwili wa mgonjwa huidhania chavua kuwa adui. Seli za utando wa pua humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo ya damu hutanuka, na ute humiminika.

Mtwara, hata hivyo, ina mtuhumiwa wa pili. Tangu ukungu uitwao ubwiriunga ulipoanza kushambulia mikorosho mwishoni mwa miaka ya 1970, unga wa salfa hupulizwa mitini wakati wa maua, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele kimeishughulikia sana kazi hiyo. Salfa huwasha macho na koo la mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao. Anayesumbuka siku za kupuliza tu, akapona zinapopita, yaelekea hana ugonjwa wa chavua. Dawa yake ni kujifunika pua na macho barabara, na watoto kuondolewa shambani.

Kwa mwenye mzio, njia za asili zenye manufaa ni nyepesi kuliko zinavyotangazwa. Kuosha pua kwa maji ya chumvi huondoa chavua kabla haijaleta madhara: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisimani yasiyochemshwa yasitumike kamwe. Kuoga na kuosha nywele kabla ya kulala, na kuanika shuka ndani ya nyumba siku za upepo, husaidia pia. Kujifukiza hufungua pua kwa muda mfupi, na sufuria ya maji ya moto imekwisha kuunguza watoto wengi. Asali nayo husifiwa kupita kiasi, kwani nyuki hukusanya zaidi chavua ya maua yenye kunata, si ile ya upepo. Lakini anayebanwa kifua na kukoroma apumuapo asingoje asali wala mvuke. Hiyo yaweza kuwa pumu, na yapasa afike zahanati.

Shule yenye hadubini yaweza kulirudia jaribio la Blackley. Kipande cha kioo hupakwa mafuta ya mgando, kikawekwa nje kwa siku moja, kisha kikachunguzwa. Kingine huwekwa vivyo hivyo siku ya kupuliza salfa. Chembe ya chavua ya nyasi ni ya mviringo, yenye tundu moja tu. Ya mkorosho ina mifereji mitatu. Kwa mfano wa kulinganisha, mwalimu aweza kutikisa mbelewele ya mhindi juu ya kioo: mhindi ni wa ukoo wa nyasi, na chavua yake ina tundu lile lile, ila ni kubwa zaidi.