Glasi ya tembo: Pima kwanza, mimina baadaye

Na Mwandishi Wetu

INGIA katika kilabu cha tembo la mnazi, iwe Pangani, Muheza au vitongoji vya Tanga mjini, uangalie kilichopo mezani. Utakuta glasi nene yenye mkono, nyingine ndefu iliyobaki kwenye seti iliyokwisha kuvunjika, na kikombe cha plastiki kwa mteja aliyechelewa. Zote zinauzwa bei moja. Mnywaji mzoefu anajua aisubiri ipi, lakini mwenye kilabu hajui kwa nini dumu la jana lilimpa faida na la leo halikumpa.

Anayeuza bia ya kiwandani hana tatizo hili. Chupa kubwa ya Safari au Kilimanjaro imeandikwa mililita 500, hivyo glasi ni ya kunywea tu, iwe kubwa au ndogo. Mambo hubadilika bia inapotoka kwenye pipa kwa bomba, maana hapo glasi ndiyo mizani. Ndiyo sababu Uingereza bia ya namna hiyo huuzwa kwa painti, yaani mililita 568, au nusu yake, katika glasi iliyopigwa alama ya kipimo. Ujerumani glasi huchorwa mstari, na bia lazima ifike hapo bila kuhesabu povu.

Tembo letu halina chupa yenye maandishi wala glasi yenye mstari. Ilipotumika kata ya kifuu, angalau muuzaji aliwapimia wote kwa kata ile ile.

Tufanye hesabu. Dumu la lita 20 ukilimimina katika glasi za mililita 300, unapata glasi 66. Ukitumia za mililita 350, ambazo kwa macho hazina tofauti kubwa, unapata 57. Tuseme glasi ni shilingi 500: umepoteza shilingi 4,500 katika dumu moja, wala hakuna aliyekuibia.

Umbo nalo linadanganya. Glasi yenye kitako kinene huonekana kubwa kuliko inavyobeba. Yenye mdomo mpana inadanganya kwa juu: kama upana wa mdomo ni sentimita 8, kila sentimita moja ya juu inabeba karibu mililita 50. Povu la sentimita mbili katika glasi hiyo ni mililita 100 ambazo mteja amelipia hewa. Mdomo ukiwa sentimita 6, povu la kimo hicho hicho halifiki mililita 60. Tembo la asubuhi linachachuka kwa nguvu na lina povu jingi, kwa hiyo ugomvi mwingi wa kilabuni huanzia hapo. Dawa yake ni kumimina taratibu glasi ikiwa imeinamishwa, kusubiri, kisha kuongeza.

Mgema naye anaumia, tena pengine zaidi. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, na karara analoligema halitazaa nazi, hivyo kila lita ina gharama yake kwake na kwa mwenye shamba, hata kama mwenye shamba mwenyewe hanywi. Akifika kwa mnunuzi anaambiwa ajaze dumu mpaka mdomoni. Dumu linaloitwa la lita 20, likijazwa hivyo, hubeba zaidi ya lita 20. Kwa upande mwingine, likijazwa povu likiwa bado juu, mnunuzi ndiye anayepunjwa likishatulia. Na huwezi kulifunga kabisa kwa safari ndefu, maana gesi ya uchachu inaweza kulipasua.

Wote wawili wanaweza kuelewana kwa alama moja. Chukua chupa ya maji ya lita moja, mimina maji mara 20 katika dumu, kisha chora mstari yanapofika. Biashara iwe kwenye mstari huo, povu likiwa limetulia.

Glasi hupimwa vivyo hivyo. Kama duka la jirani lina mizani ya gramu, weka glasi tupu, kisha ijaze maji mpaka pale unapomiminia tembo. Tofauti ya gramu ndiyo mililita. Tumia maji, siyo tembo, kwa kuwa tembo lina sukari na uzito wake si sawa na wa maji.

Atakaye kipimo kisichobishaniwa aende Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao husimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na una ofisi Tanga. Kipimo kimoja kilichohakikiwa kikikaa kaunta, mteja mwenye shaka anapimiwa mbele ya macho yake.

Glasi zitavunjika tu. Siku ya kununua nyingine, nenda dukani na mojawapo ya zile za zamani ikiwa imejaa maji, uyamimine katika ile unayotaka kununua kabla hujatoa pesa.