Sataranji Katika Gari la Moshi: Mashindano Yapimayo Uaminifu

Wembamba wa reli, gari moshi hupita. Msemo huo hutumiwa kumwonya mtu mwenye tabia ya kudharau kitu kwa sababu ya umbo lake. Leo tunaukumbuka kwa ajili ya jambo ambalo huenda wasomaji wetu wengi hawajapata kulisikia, nalo ni mashindano ya mchezo wa sataranji yachezwayo ndani ya gari la moshi lililo katika mwendo, likivuka mito na misitu na mipaka ya nchi.

Mashindano ya namna hiyo yaliasisiwa katika miaka ya 2010 huko Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Chama cha sataranji cha mji huo kilipata gari maalumu kutoka shirika la reli la nchi, kikaweka mbao na saa juu ya meza za mabehewa, kikawaita mabingwa wenye vyeo pamoja na watu wa kawaida wapendao mchezo. Gari liliondoka Prague, likazunguka katika miji ya nchi jirani kwa siku kadhaa, kisha likarudi lilikotoka. Wakati magurudumu yalipozunguka, wasafiri walicheza. Gari liliposimama, walishuka kuutazama mji, wakala, wakalala, na kesho yake wakarudi kwenye mbao zao.

Msomaji atauliza: kuna shida gani katika kucheza garini? Jawabu ni kwamba sataranji ni mchezo wa utulivu. Ubao wake una miraba 64, na kete zake ni 32, kila upande 16. Kila mraba una maana yake. Farasi akisogezwa mraba mmoja kutoka mahali pake, vita vizima hugeuka. Aliyekuwa akishinda huwa ameshindwa. Katika ukumbi wa kawaida meza haitikisiki, na watazamaji hukatazwa hata kunong'ona. Lakini ndani ya behewa sakafu hutetemeka, kona huivuta miili ya wachezaji upande mmoja, na pumzi za breki huwarudisha upande wa pili. Mwanga wa dirishani huja na kutoweka gari linapoingia katika handaki. Na nje ya dirisha dunia nzima inapita, milima na mashamba na makanisa ya kale, ikimbembeleza mchezaji ainue macho, hali saa iliyo pembeni mwake inakula dakika zake bila huruma. Katika mchezo wa haraka, kwa kanuni za kimataifa, kila mchezaji hupewa muda uzidio dakika kumi lakini usiofika saa moja kwa mchezo mzima. Atakayestaajabia mlima kwa dakika mbili amezinunua dakika hizo kwa bei ghali.

Hata hivyo, mtetemeko na mandhari si mtihani mkubwa. Mtihani mkubwa ni mwingine, na ndio uliotufanya tuandike makala haya.

Kanuni ya sataranji husema kwamba kete iliyoguswa kwa kusudi sharti ichezwe. Mchezaji atakaye kuiweka sawa kete iliyokaa upande hana budi kutangaza nia yake kwanza, ndipo aiguse. Na mchezaji aangushaye kete kwa mkono wake hulazimika kuzirudisha mahali pake kwa muda wa saa yake mwenyewe. Kanuni hizo ni nzuri, lakini zilitungwa kwa ajili ya watu wawili. Ndani ya gari la moshi yupo mchezaji wa tatu ambaye hakualikwa, naye ni reli. Gari likipita penye maungio ya njia, askari huteleza, ngome huyumba, na pengine mfalme mwenyewe hulala chini kabla ya kushindwa. Nani wa kulaumiwa? Hakuna. Nani ajuaye kete ilikuwa wapi? Ni hao wawili waliokuwa wakiutazama ubao. Mwamuzi yuko mmoja, na mbao ni nyingi.

Hapo ndipo thamani ya mtu huonekana. Yule ambaye kete yake imeteleza na kuangukia mahali pa faida anaweza kunyamaza. Anaweza pia kusema, kwa maneno au kwa kidole tu ikiwa hawajui lugha moja, kwamba kete hii ilikuwa pale, irudishwe. Mcheki na Mjerumani, mzee na kijana, bingwa na mwanafunzi, wote hulazimika kukubaliana juu ya ukweli kabla ya kuendelea kupigana. Uungwana ni vitendo, na kitendo hiki cha kurudisha kete mahali pake, ingawa ni kidogo kama punje ya mtama, ndicho kiufanyacho mchezo uwe mchezo badala ya kuwa unyang'anyi.

Katika zama zetu jambo hili limepata uzito zaidi. Mwezi wa Mei 1997 mashine ya kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Siku zile mashine hiyo ilikuwa kubwa kama makabati mawili. Leo simu ya mkononi inayoingia mfukoni ina nguvu za kumshinda bingwa yeyote aliye hai. Kwa sababu hiyo mashindano makubwa huwapekua wachezaji na kuwakataza kuwa na simu. Mwaka 2019, katika mji wa Strasbourg nchini Ufaransa, mchezaji mwenye cheo cha juu kabisa alinaswa akitumia simu chooni wakati mchezo wake ukiendelea. Heshima aliyoijenga kwa miaka mingi ilibomoka kwa siku moja.

Ukumbi wa jengo unaweza kulindwa, kwa kuwa una milango na walinzi. Gari la moshi lina ujia mrefu, mabehewa mengi na vyoo kila upande, na abiria hupita huku na huku. Hakuna mwamuzi awezaye kuyatazama yote. Anayeandaa mashindano ndani ya gari la moshi amekwisha kubali jambo moja tangu mwanzo: kwamba atawaamini watu. Asipowaamini, bora asikate tikiti.

Imani hiyo si ngeni katika historia ya reli na sataranji. Mwezi wa Aprili 1845, wakati simu ya maandishi ya umeme ilipokuwa bado jambo la ajabu, Howard Staunton, mchezaji mashuhuri wa Uingereza, alikwenda Gosport, pwani ya kusini, akacheza na wenzake waliokuwa London kwa njia ya waya uliotandazwa sambamba na reli. Hapana upande uliouona ubao wa upande wa pili. Kila mmoja alipokea ishara, akaisogeza kete ya adui kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa haki. Miaka sita baadaye, mwaka 1851, reli na meli zilipokuwa zimeanza kufupisha safari za Ulaya, wachezaji 16 walikutana London katika mashindano ya kwanza makubwa ya kimataifa, na mshindi alikuwa Adolf Anderssen, aliyetoka katika mji ambao leo huitwa Wrocław.

Tena kuna mipaka. Katika nchi ile ile ya Wacheki, gari la moshi halikuvuka mpaka kwa urahisi siku zote. Tarehe 11 Septemba 1951, dereva mmoja, Jaroslav Konvalinka, hakulisimamisha gari lake penye kituo cha mwisho cha mji wa Aš, bali alilipitisha kwa kasi hadi ng'ambo, katika ardhi ya Ujerumani Magharibi, likiwa na abiria ndani yake, baadhi yao wakiwa hawana habari ya mpango huo. Wengine walibaki huko, wengine wakarudi kwao. Ukuta wa kisiasa uliozigawa nchi hizo ulianguka mwaka 1989, na Desemba 2007 ukaguzi wa pasi mipakani ukaondolewa kwa nchi ya Wacheki na majirani zake kadhaa. Mtoto wa abiria wa 1951 angeweza, akiwa mzee, kuvuka mpaka ule ule akiwa ameinamia ubao, asitambue hata dakika aliyouvuka. Mataifa nayo hufanana na wachezaji wawili: kwanza hukubaliana kete zilikuwa wapi, ndipo huweza kuishi mezani pamoja.

Ndugu msomaji, usiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Jina lenyewe la sataranji lilitufikia kwa njia ya Waarabu, walioupokea mchezo kutoka Uajemi, na Uajemi uliupokea kutoka Bara Hindi. Shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoundwa Paris tarehe 20 Julai 1924, lina wito wa Kilatini wenye maana kwamba sisi sote ni jamaa moja, na Afrika ni sehemu ya jamaa hiyo. Phiona Mutesi alijifunza mchezo huu katika mtaa wa kimaskini wa Katwe mjini Kampala, akafika kuiwakilisha Uganda mbele ya mataifa. Amon Simutowe wa Zambia alitunukiwa mwaka 2009 cheo cha Bingwa Mkuu, ambacho hakuna cheo kinachokizidi.

Na Zambia tumeunganishwa nayo kwa nini, kama si kwa reli? Njia ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Safari yake ni ndefu, na mtu anayesafiri humo ana saa nyingi za kukaa akitazamana na asiyemjua. Vijana wetu hawahitaji kungoja gari maalumu wala mgeni wa kuwaandalia. Ubao wa sataranji au wa bao unaenea juu ya magoti mawili. Kinachohitajika zaidi ya ubao ni kile ambacho hakiuzwi stesheni yoyote: moyo wa kumwambia mwenzako, gari litikisikapo na kete iangukapo upande wako, "Hapana, ndugu yangu, kete hii ilikuwa pale."

Taifa lenye watu wa namna hiyo haliogopi mtikisiko.